Jumba Lisiloweza Kubomolewa: Lodwar, Kakuma na Upofu wa Uhakiki Wetu wa Sinema

Imekuwa ada miongoni mwa wahakiki wa utamaduni katika Afrika Mashariki kuandika tanzia za majumba ya sinema. Jumba likifungwa, likigeuzwa kanisa au duka, au likivunjwa ili pajengwe kingine, kalamu huinuliwa haraka. Tunaelezwa jina la mwenye jumba, umbo la lango lake, bei ya viti vya juu na vya chini, na filamu za Kihindi zilizowatoa watu machozi siku za Jumapili. Kisha linakuja hitimisho lile lile: jumba limekufa, na sinema imekufa pamoja nalo.

Makala haya yanakusudia kuupinga mtindo huo. Hatupingi kumbukumbu; tunapinga kipimo. Kipimo kinachoanza na jumba hakina budi kuishia kwenye jumba, na pasipokuwa na jumba hutamka kwamba hapana historia. Mfano wetu ni Lodwar na Kakuma, katika Turkana. Miji hii haimo katika orodha ya ile iliyojengewa majumba kama Odeon au Majestic, kwa hiyo haimo pia katika tanzia zetu. Dai letu ni hili: kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kiini cha sinema katika nchi zetu si ukuta bali ni neno linalotamkwa kando ya picha mbele ya hadhira. Neno hilo ndilo linalobomoka leo, na idara zetu hazilirekodi.

Tanzia na mipaka yake

Tukiri kwanza kwamba wanaoomboleza wana cha kuomboleza. Huko Unguja, jumba la Royal, lililochorwa na John Sinclair na kufunguliwa 1921, lilibadilika likaitwa Majestic, likateketea kwa moto katika miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa jumba jipya. Huko Dar es Salaam, sinema ya wenye magari, maarufu kwa jina la Drive-In, ilifunguliwa Msasani 1966. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, ardhi ya sinema hiyo ndiyo iliyojengwa ubalozi mpya uliofunguliwa 2003. Pale ambapo familia zilikuwa zikitazama picha chini ya nyota, leo pana ukuta na walinzi. Nairobi nayo ina majina ya Globe na Odeon, ambayo yangali midomoni mwa abiria wa matatu, wengi wao wakiwa hawajapata kuona filamu hata moja katika majumba hayo.

Historia hii ina thamani. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu watazamaji na wafanyabiashara wa sinema mijini Tanzania, ameonyesha kwamba jumba lilikuwa mahali pa kujadili mapenzi, maadili na uraia. Lakini tazama jinsi kazi ya aina hiyo inavyotumiwa na wanaotaka njia ya mkato. Fair anaandika juu ya watu waliokuwamo ndani ya jumba. Wao wanachukua jumba na kuwaacha watu. Hadhira inageuka pambo la usanifu wa majengo.

Jambo la kushangaza ni kwamba somo hili tulikwisha kufundishwa, tena kwa gharama kubwa. Ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ulijengwa 1977 na wanakijiji kwa mikono yao wenyewe, wakishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ilipiga marufuku mchezo wao mwaka ule ule, na Machi 1982 polisi wakaubomoa ukumbi. Tangu hapo hapana mwanafunzi wa tamthilia ya Afrika anayemaliza shahada bila kusikia habari za Kamĩrĩĩthũ. Nini tulichojifunza? Kwamba serikali haikuogopa mbao na mabanzi. Iliogopa wakulima na wafanyakazi waliokuwa wakisema katika lugha yao mbele ya wenzao. Ukumbi ulikuwa ni hadhira. Tunalifundisha somo hilo kila mwaka katika kozi za tamthilia, kisha tukigeukia sinema tunalisahau, tunaanza kuhesabu matofali.

Kutokuwepo nako kuna historia yake

Atatokea wa kusema: "Kama Lodwar haikuwa na jumba, basi haikuwa na sinema. Mnataka tuandike nini juu ya kitu ambacho hakikuwepo?" Jibu letu ni kwamba kutokuwepo hakuanguki kutoka mbinguni. Kuna waliokuamua na kuna sheria zilizokuandika.

Utawala wa kikoloni uliitenga Turkana pamoja na sehemu nyingine za kaskazini ya Kenya. Sheria ya wilaya za pembeni ya 1902, na baadaye ile ya wilaya maalumu ya 1934, ziliipa serikali uwezo wa kuifunga wilaya, hata mtu asiingie wala kutoka ila kwa ruhusa. Turkana ilifaa kuwa gereza kwa sababu ilikwisha kufanywa kisiwa. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha 1959 akahamishiwa Lodwar, ambako alizuiliwa hadi 1961. Mji ambao dola iliutumia kumficha mtu asionekane na asisikike haungeweza pia kuwa mji wa kuonyeshea picha.

Uhuru haukuleta mabadiliko ya haraka. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, uliobeba jina la ujamaa wa Kiafrika, ulielekeza rasilimali za maendeleo kwenye maeneo yaliyotarajiwa kurudisha faida kwa haraka: yenye mvua, reli na mashamba. Lodwar, iliyo yapata kilomita 300 kaskazini ya Kitale, haikuwamo katika hesabu hiyo. Biashara ya sinema ilitegemea umeme, barabara ya kupitishia mikebe ya filamu, na watazamaji wenye fedha taslimu kila juma. Mambo hayo matatu ndiyo waliyonyimwa watu wa Turkana, mfugaji aliyeishi kwa mbuzi na ngamia akiwa wa kwanza. Kwa hiyo historia ya jumba la Nairobi na historia ya kukosekana kwa jumba Lodwar ni historia moja, iliyoandikwa kwa sera ile ile. Anayesimulia upande mmoja tu anasimulia nusu ya hadithi, tena ile nusu yenye taa.

Kuna kinaya kikubwa zaidi. Watu wa Turkana walionekana kwenye skrini za ulimwengu kabla ya wao kuwa na skrini. Katika miaka ya 1970 David na Judith MacDougall walipiga filamu tatu katika jamii ya wafugaji wa Kiturkana: The Wedding Camels (1977), Lorang's Way (1979) na A Wife Among Wives (1981). Ni kazi zinazoheshimiwa katika taaluma ya anthropolojia, na sifa yake mojawapo ni kwamba wahusika husikika wakizungumza Kiturkana, na maneno yao hutafsiriwa kwa maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Basi msomi wa Ulaya na Marekani aliwasikia. Tujiulize: katika kozi zetu za fasihi simulizi, ambamo mazungumzo kama yale ndiyo hasa tunayodai kuyachunguza, ni mara ngapi filamu hizo zimeonyeshwa? Mturkana alifanywa kuwa wa kutazamwa. Hatujamuuliza aliyatazama nini yeye mwenyewe, na alisema nini alipokuwa akitazama.

Tena tusidhani kwamba asiye na jumba hana dhana ya ukumbi. Katika akiriket, mkutano wa kula nyama wa Waturkana, wanaume huketi nusu duara kwa taratibu ya marika, na kila mmoja anajua mahali pake na zamu yake ya kusema. Hapo pana jukwaa, pana hadhira na pana kanuni za utendaji. Kinachokosekana ni paa tu.

"Si popote": jina na dharau

Tukija Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, dharau hii inavaa vazi la isimu. Katika vitabu na magazeti ya Kiingereza yanayozungumzia kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa huko 1992, msomaji atakutana tena na tena na maelezo kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipo popote". Maelezo haya ni uzushi. Kiswahili hakina neno kama hilo kwa maana hiyo. Mswahili husema "hakuna mahali", husema "si popote". Haiti hivyo mahali wanapoishi watu. Hata hivyo uzushi umenakiliwa na mwandishi mmoja hadi mwingine kwa kuwa unafaa: unamwezesha mgeni kuandika juu ya jangwa tupu, na unakifanya Kiswahili chenyewe kishuhudie utupu huo. Ni wajibu wa idara za Kiswahili kuukanusha, na tunaukanusha hapa.

Kwani huko kunakoitwa "si popote" kulikuwa na nini? Tangu 2001 shirika la FilmAid limekuwa likionyesha filamu kambini Kakuma: skrini kubwa juu ya lori, jua likisha kutua, na watu kwa mamia, pengine kwa maelfu, wakiketi mchangani. Zilionyeshwa katuni na filamu ndefu, pamoja na mafunzo kuhusu maji safi, UKIMWI na dhuluma dhidi ya wanawake. Baadaye vijana wa kambini walifunzwa kutengeneza filamu zao wenyewe. Kando ya hayo, wakimbizi wenyewe walifungua mabanda ya video: mabati, viti vya mbao, televisheni, umeme wa jenereta, na ada ndogo mlangoni kwa filamu au kwa mpira wa Ulaya. Uchunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa 2018 ulikadiria kwamba Kakuma ina biashara zaidi ya 2,000. Wanauchumi waliyaona mabanda. Sisi wa fasihi tulikuwa wapi?

Wageni, kwa upande wao, waliendelea kuitengeneza Kakuma kwa ajili ya skrini za kwao. Lost Boys of Sudan (2003) na God Grew Tired of Us (2006) zinawafuata vijana wa Sudan Kusini kutoka kambini hadi Marekani. The Good Lie (2014) inasimulia habari kama hizo kwa njia ya hadithi ya kubuni, nayo sehemu zake za Afrika zilipigwa Afrika Kusini. Yaani Kakuma ilijengwa mahali pengine kama mandhari, ikapigwa picha, ikavunjwa. Kama tunatafuta jumba la kulilia, na tulilie hilo.

Neno kando ya skrini

Sasa tufike kwenye hoja yenyewe ya kifasihi. Filamu katika Afrika Mashariki, nje ya majumba makubwa, haikuwa picha peke yake. Ilikuwa picha na mtu wa kuisema. Jaribio la sinema ya elimu kwa Wabantu, lililoendeshwa kutoka Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937 chini ya Notcutt na Latham, lilitengeneza filamu 35 na kuzitembeza kwa lori, maelezo yake yakiwa katika Kiswahili na lugha nyingine. Idara ya filamu ya kikoloni, iliyoundwa 1939, ilitoa filamu nyingi zisizo na sauti, ambazo zilimhitaji mkalimani asimame karibu na skrini na kuzieleza kwa lugha ya mahali. Mkoloni alimtaka mtu huyo awe mfereji tu: maneno yapite kama yalivyoandikwa. Lakini kila aliyepata kufundisha fasihi simulizi anajua kwamba fanani hawi mfereji. Akisimama mbele ya watu huongeza chumvi, hupunguza, hutania, na hadhira humjibu.

Fanani huyo hakufa na ukoloni. Huko Dar es Salaam, Lufufu alijipatia umaarufu kwa kuzieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili katika mabanda ya video na baadaye katika kanda. Nchini Kenya, DJ Afro amesimulia filamu za mapigano na za Kihindi kwa Kiswahili cha mtaani, akiwabatiza wahusika majina mapya na kuwapa misemo ambayo haimo katika matini ya asili. Hii si tafsiri. Ni utunzi papo kwa papo juu ya matini ngeni, na vipengele vyake tunavijua: lakabu, takriri, chuku, methali iliyopinduliwa, uchokozi wa hadhira. Mwanafunzi akiviona vipengele hivyo katika ngano iliyokusanywa 1960, tunampa alama. Akiviona katika banda la video, tunamwambia atafute mada nyingine.

Upinzani utakaotolewa tunaujua. Itasemwa kwamba lugha ya mabanda ni chafu na si sanifu. Hivyo ndivyo ilivyosemwa juu ya riwaya pendwa katika miaka ya 1970 na 1980. Elvis Musiba na Ben Mtobwa walisomwa kwa wingi na wasomaji huku wahakiki wakiwapa kisogo, na leo hakuna anayeweza kuandika historia ya riwaya ya Kiswahili bila wao. Itasemwa kwamba maonyesho ya mashirika ya misaada ni propaganda. Na iwe hivyo. Tenzi za dini na mashairi ya kampeni za vyama nayo yana ujumbe, na hatukuacha kuyahakiki. Itasemwa, mwisho, kwamba Turkana si nchi ya Waswahili.

Hoja hii ya mwisho ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu inaficha woga. Mbele ya skrini moja ya Kakuma anaweza kuketi Mkongo wa Kivu anayesema "batoto" pale tunaposema "watoto", na Kiswahili chake ni lugha ya nyumbani. Mturkana aliyekipata Kiswahili shuleni. Kijana wa Sudan Kusini aliyekiokota kambini. Na Msomali aliyekifunza sokoni. Msimulizi mmoja anawasemesha wote. Nani anacheka, wapi, na kwa neno gani? Nani anamfasiria jirani yake, na anabadili nini? Hapa pana maabara ya Kiswahili ambayo pwani yenyewe haina. Tukishikilia kwamba fasihi ya Kiswahili ni ile tu iliyotungwa na mzawa wa mwambao au iliyochapishwa Nairobi na Dar es Salaam, tutakuwa tumeweka wilaya yetu iliyofungwa, nasi ndio watoa ruhusa.

Ubomoaji wa kweli

Machi 2021 serikali ya Kenya ililitaka Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi kutayarisha mpango wa kuzifunga kambi za Dadaab na Kakuma, na Juni 2022 ikatajwa kuwa mwisho. Tarehe hiyo ilipita na kambi haikufungwa. Lakini tufikirie lingetokea nini kama ingefungwa. Mabati yangeng'olewa na kuuzwa kwa siku moja. Televisheni zingepakiwa. Na miaka thelathini ya maneno yaliyosemwa usiku kwa usiku mbele ya watu wa mataifa mengi ingeondoka bila kuacha hata kanda moja katika rafu ambazo ni kazi yetu kuzijaza. Jumba la Nairobi likivunjwa hubaki picha, ramani ya mjenzi na tangazo la gazeti. Banda la Kakuma likivunjwa hakibaki kitu, ila awe amekuwepo mtu wa kusikiliza.

Kwa hiyo madai yetu kwa idara za Kiswahili ni machache na yanatekelezeka. Kwanza, usimulizi wa filamu uingizwe katika mitaala ya fasihi simulizi kama utanzu hai, si kama tanbihi ya utamaduni wa vijana. Pili, mwanafunzi wa uzamili anayetaka kwenda Lodwar au Kakuma kurekodi maonyesho, pamoja na vicheko, maswali na ubishi wa watazamaji, asiambiwe kwamba mada yake ni ya sosholojia. Tatu, rekodi hizo zinukuliwe neno kwa neno, lahaja zikiachwa kama zilivyo, na zihifadhiwe mahali ambapo Mturkana na Mkongo wanaweza kuzisikiliza bila kuomba ruhusa ya mgeni. Nne, anayeandika juu ya kufa kwa sinema atakiwe kueleza ni sinema ya nani iliyokufa.

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Huko Turkana hadhira ipo, fanani yupo na lugha ipo. Kilichokosekana ni mhakiki. Wanaotaka kuendelea kulilia kuta na walie, maana nazo zilikuwa na watu wake. Ila wasituambie tena kwamba pasipo na gofu hapana historia. Kazi ya mhakiki wa fasihi ni kwenda linakosemwa neno, na neno linasemwa Kakuma.